Mpira wa Kigaeli hapa Mwanza: magoli ya soka yanageuzwaje, na vijana waanze na nini?

Ticha_Nyegezi:

Wakuu, mwangaluka.

Naomba msaada kwa wanaoujua mpira wa Kigaeli, ule wa Ayalandi wa kudaka, kukimbia nao na kupiga. Kuna Waayalandi sita wanaofanya kazi hapa mjini, wanataka kuucheza kila Jumamosi jioni, na vijana wa Nyegezi na Malimbe wamepata hamu ya kuingia. Jumla tunafika 22, kina dada 8 wakiwemo. Tulicho nacho ni uwanja wa soka wa shule, mita 100 kwa 64, katikati changarawe na pembeni nyasi, magoli ya mabomba yaliyochimbiwa, na mipira saba ya soka.

Magoli yanageuzwaje bila kuharibia watu uwanja wao? Mpira wa soka unafaa? Vijana wafundishwe nini kwanza, maana wote wametoka kwenye soka, kikapu na netiboli? Na wageni wanaulizia pia haringi, ule wa magongo. Kwa hapa kwetu inawezekana?

Sitaki tuishie kucheza soka la mikono. Nataka mtu anayeujua akipita pale uwanjani aone kwamba ndio wenyewe.

Fundi_Pansiansi:

Mwangaluka Ticha. Nianze na magoli, kwa sababu ukikosea hapo mchezo mzima unabadilika.

Goli la Kigaeli lina umbo la herufi H. Nguzo mbili zimeachana mita 6.5, mwamba uko mita 2.5 kutoka ardhini, na nguzo zinaendelea kwenda juu hadi mita 7 au zaidi. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1. Goli lenu la soka ni mita 7.32 kwa 2.44. Mwamba basi mnao tayari, na upana umezidi kwa sentimita 82 ambazo hazimkeri mtu. Kinachokosekana ni mapembe ya juu.

Nunueni mabomba manne ya chuma ya nchi moja na nusu, yale yaliyopakwa zinki. Dukani bomba zima ni mita 6. Lisimamishe nyuma ya nguzo ya goli, mguu wake ukianzia mita 1 kutoka ardhini. Kichwa kitafika mita 7, na mita 1.4 zitalala na nguzo. Hapo hukati bomba wala huchomelei kitu kwenye goli la shule. Funga kwa mikanda mitatu ya chuma yenye bolti: mmoja chini, mmoja katikati, wa tatu sentimita 10 chini ya mwamba. Kati ya bomba na nguzo viringisha kipande cha tyubu ya baiskeli, ndicho kinachozuia bomba kuteleza na kujizungusha. Watu wengi hufunga mikanda miwili tu wakaridhika. Baada ya wiki tatu bomba limelala upande, kwa sababu urefu ulio juu unalivuta kila upepo unapovuma.

Bomba moja lina uzito wa kilo 20 hivi. Mnahitaji ngazi, watu wawili wa kuliinua na mmoja wa kukaza. Mkimaliza kucheza, teremsheni. Ukiliacha pale, watoto watalipanda. Na goli ambalo halijachimbiwa, la kubebabeba, msilifunge kitu chochote juu. Litaanguka.

Fedha ikiwa ndogo, mwanzi mkavu wa mita 6 unafanya kazi nzuri na ni mwepesi kuliko bomba. Upakeni rangi nyeupe uonekane jioni. Bomba la plastiki msilijaribu: jua linalilegeza, upepo wa ziwa wa alasiri unalipinda, na mwamuzi hajui tena kama mpira ulipita ndani au nje.

Mistari: uwanja kamili wa kwao ni mita 130 hadi 145 kwa 80 hadi 90, wachezaji 15 kila upande. Nyie hamna eneo hilo. Waayalandi walioko Ulaya huazima viwanja vya soka na ragbi wakacheza 11 kwa 11. Ninyi pia mnatimia 11 kwa 11, lakini kwenye changarawe na joto letu ningecheza 9 kwa 9 na kubadilisha watu kila dakika kumi. Chora kwa chokaa mstari wa mita 13 na wa mita 20 kutoka kila goli, kisha mstari wa kati. Beki akiutoa mpira nje nyuma ya goli lake, wapinzani hupata pigo kwenye mstari wa mita 45, mkabala na ulipotokea. Kwenu mita 45 iko karibu katikati ya uwanja, kwa hiyo pigeni kutoka mita 35.

Tangu 2025 kuna pia nusu duara ya mita 40, na anayepiga mpira juu ya mwamba akiwa nje yake anapata pointi 2. Kwenye uwanja wa mita 100 nusu duara hizo mbili zinaachana mita 20 tu, na kila mtu atakaa kupiga kutoka mbali badala ya kujenga mashambulizi. Iacheni kwa sasa.

Kocha_Ilemela:

Fundi amesema kweli kuhusu mapembe. Mimi nijibu kuhusu mpira na mafunzo.

Mpira wa Kigaeli una mzunguko sawa na wa soka namba 5, sentimita 68 hadi 70, lakini ni mzito zaidi: gramu 480 hadi 500, wakati wa soka ni 410 hadi 450. Tofauti hiyo unaiona kwenye shuti la mita 25. Wa soka unayumba hewani na upepo unaubeba, wa Kigaeli unashika njia. Pasi za ngumi na kudaka fanyeni kwa mipira ya soka mliyo nayo. Kwa mechi pateni miwili ya kweli. Mgeni anayerudi likizo anaweza kuileta kwenye begi ikiwa imetolewa upepo, ila wabakize upepo kidogo ndani ili kibofu kisikunjike kikapasuka. Sindano ya pampu ilowanisheni kabla ya kuichomeka. Sindano kavu inachana vali, na hapa mjini ni vigumu kupata mtu wa kuziba mpira wa namna hiyo. Msitumie mpira wa wavu kujifunzia, ni mwepesi mno, unafundisha mguu uongo.

Kanuni ambayo ndiyo roho ya mchezo ni hii: ukiwa na mpira mkononi una hatua nne. Zikiisha, lazima uudundishe chini mara moja au uupige kwa mguu ukurudie mkononi. Hilo la pili Waayalandi huliita solo. Kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Solo unaweza kurudia upendavyo.

Solo ndiyo itakayowachukua muda, na vijana wa soka ndio watakaopata shida kuliko wote, kwa sababu wanadhani ni danadana. Danadana ya soka hupigwa mguu ukiwa bapa, mpira unapanda wima bila kuzunguka. Ukifanya hivyo huku unakimbia, wewe unaupita au wenyewe unakutangulia mita mbili, beki anaokota. Solo ni hivi: mpira uko mikononi usawa wa kiuno. Mkono wa upande wa mguu unaopiga ndio unaouachia. Unaudondosha, huurushi juu. Goti limekunjwa kidogo, ncha ya kiatu imeinuliwa, na unaugusa kwa vidole huku ukivivuta kuelekea kwako. Mpira ukipigwa sawasawa unajizungusha kurudi tumboni. Mwambie mchezaji atazame mshono wa mpira: ukizunguka kuja kwake amepata, ukisimama tuli arudie. Waanze wamesimama, mara 20 kila mguu, kisha wakitembea, kisha mbio za taratibu za mita 20. Wiki mbili za kwanza asiruhusiwe mtu kupiga solo kwa kasi kamili.

Pasi ya mkono lazima igongwe. Mpira unakaa kwenye kiganja kimoja, mkono wa pili unaugonga kwa ngumi au kiganja, na mwamuzi auone pigo lenyewe. Wa netiboli na kikapu watausukuma kwa mikono miwili kutoka kifuani kwa mazoea. Hiyo ni faulo, nayo ndiyo faulo itakayopulizwa mara nyingi kuliko zote mwezi wa kwanza. Dawa yake ni kuwapanga wawili wawili, mita 5, mkono mmoja nyuma ya mgongo hadi mpira utue kwenye kiganja cha ule wa mbele, ndipo wa nyuma utoke na kugonga.

Kuokota nako kuna utaratibu wake. Kwa wanaume huruhusiwi kuuokota mpira uliolala chini moja kwa moja kwa mikono. Unaingiza ncha ya kiatu chini yake, unauinua, mikono inaupokea pale pale juu ya kiatu. Kwenye changarawe vijana watapiga ncha chini na kuumiza kidole gumba, kwa hiyo fanyieni kwenye nyasi za pembeni kwanza.

Kumnyang'anya mtu: kiganja wazi cha mkono mmoja kupiga mpira, au bega kwa bega ubavuni, mguu mmoja ukiwa ardhini. Kuvuta jezi, kukumbatia, kusukuma mgongoni, kupiga teke mpira ulio mikononi mwa mtu, yote ni faulo. Ile kuteleza ya soka ipigeni marufuku kabisa kwenye uwanja kama huo.

Kinga ya meno. Kwao ni lazima kwa watu wazima tangu 2014, na nyie msilegeze hapo. Viwiko viko juu muda wote watu wanaporuka kudaka.

Mvuvi_Igombe:

Nina mambo mawili ambayo naona hayajaguswa.

La kwanza ni radi. Mnasimamisha vyuma vinne vya mita 7 kwenye eneo wazi karibu na Ziwa Victoria, na dhoruba za ziwa hili zina radi nyingi sana. Mkisikia ngurumo, simamisheni mchezo, msianze kwa kuteremsha mabomba. Watu waende ndani ya jengo au gari, wasijikinge chini ya mti. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, huenda mkapoteza Jumamosi kadhaa. Juni hadi Septemba ndio msimu wenu mzuri.

La pili ni mpira kuingia ziwani. Pointi ikipigwa, mpira unaruka juu ya mwamba na kwenda mita 20 au 30 nyuma ya goli. Ukiwa na goli upande wa ufukweni, kila pointi ni safari ya majini. Maji ya pembeni yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na kuna sehemu zenye mamba na kiboko. Asiingie mtu. Wekeni fimbo ndefu yenye wavu wa dagaa kwenye kitanzi, au msubiri upepo uusogeze. Bora zaidi, chagueni uwanja ambao nyuma ya magoli kuna ukuta au mteremko wa mawe.

Na upepo: alasiri unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo timu moja inapiga nao na nyingine inapiga kuupinga. Badilisheni upande baada ya dakika 15 badala ya 30. Anzeni saa 10 na nusu jioni. Jua linazama karibu na saa 1, na mpira wa juu gizani hauonekani.

Winga_Buzuruga:

Ticha, kina dada nane usiwachanganye tu na wavulana ukadhani umemaliza. Mpira wa Kigaeli wa wanawake una kanuni zake na chama chake tangu 1974. Mpira ni namba 4, mdogo na mwepesi zaidi. Wanawake wanaruhusiwa kuokota mpira moja kwa moja kutoka chini kwa mikono. Na bega kwa bega haipo, kugongana kwa makusudi ni faulo.

Kwa mchezo wa mchanganyiko nashauri mcheze wote kwa kanuni za wanawake miezi miwili ya kwanza. Kuokota kwa mikono kunaharakisha mchezo, na kuondoa mabega kunapunguza majeruhi wakati watu bado hawajui kujikinga. Wachezaji wa netiboli wana faida kubwa ambayo Kocha hakuitaja: wanajua kudaka juu ya kichwa kwa mikono imara na kusoma nafasi kabla mpira haujafika. Shida yao ni kusimama. Netiboli imewafundisha wakidaka wasimame, na hapa anayesimama anazingirwa na watu watatu. Zoezi zuri: adake akiwa anakimbia, na lazima apite koni iliyo mita 3 mbele kabla ya kugonga pasi. Muweke mmoja wao katikati ya uwanja, mpira wa juu wa kipa ni wake.

Na matokeo muyaandike kwa mtindo wao: magoli kwanza, kisha pointi. 2-7 maana yake magoli 2 na pointi 7, jumla 13. Kwa hiyo 0-14 inaishinda 2-7. Wafundisheni watazamaji pia, la sivyo watabishana hadi usiku. Waamuzi wa golini wawe na vibendera viwili, cheupe cha pointi na cha kijani cha goli.

Ticha_Nyegezi:

Shukrani za dhati, wakuu. Dada Winga, hiyo ya kuanza na kanuni za wanawake naichukua. Fundi, nimeelewa hesabu ya mita 1 chini, tutapima kesho. Sasa haringi. Wageni wana magongo mawili na mpira mmoja mdogo. Seremala wa hapa anaweza kutengeneza mengine?

Seremala_Mabatini:

Anaweza, lakini aelewe gongo linavunjikia wapi.

Gongo la haringi la mtu mzima ni nchi 34 hadi 37, mpini mwembamba, mwisho umepinda na kupanuka kuwa bapa lisilozidi sentimita 13. Kwa desturi yao linachongwa kwa mti wa Ulaya uitwao ash, kutoka sehemu ya chini kabisa ya shina, pale linapoanza kupanuka kuingia mizizini, kwa sababu hapo nyuzi za mti zimepinda zenyewe. Hiyo ndiyo siri yake. Ukikata umbo lile kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika kwenye kona ya bapa, na pigo la tatu au la nne kipande kinaruka. Kinaruka kuelekea uso wa mtu.

Ubao mmoja basi msitumie. Pasueni vipande vyembamba vya milimita 4 hadi 5, mvipinde kwenye kalibu, gundi isiyoogopa maji kati yake, mbane saa 24. Mti uwe ule mafundi wanaoutumia kwa mipini ya shoka, uliokauka vizuri, maana mpini wa shoka nao hubeba mtikisiko. Mpingo usiguswe, ni mzito mno, mkono hautageuka. Ukimaliza piga msasa, kisha zungusha ukanda mwembamba wa bati kwenye ncha ya bapa na kupigilia misumari midogo iliyofukiwa. Misumari inayochomoza itachana mpira na vidole. Kila baada ya mazoezi pitisha kidole kwenye bapa. Ukisikia ufa, hata kama jicho halioni, gongo limekwisha.

Kocha_Ilemela:

Seremala, magongo yako nayakubali, lakini Ticha asiwape vijana gongo na ule mpira wa kweli bila helmeti. Mpira wa haringi una gramu 110 hadi 116, kipenyo milimita 69 hadi 72, ndani kiini kigumu na juu ngozi yenye mishono iliyoinuka. Ukikupiga jichoni hakuna mjadala. Kwao helmeti yenye kizuizi cha uso ni lazima kwa kila mchezaji tangu Januari 2010. Helmeti ya bodaboda haifai: nzito, inaziba masikio na macho ya pembeni, na mchezaji haoni gongo la mwenzake likija.

Bila helmeti fanyeni kazi ya ukuta. Mpira wa tenisi, gongo moja, mtu mmoja mmoja, mita 6 kutoka ukutani, mara 50 upande wa kulia na 50 wa kushoto. Asisimame mtu ndani ya mita 3 za anayepiga. Mkono wenye nguvu uwe juu kwenye mpini. Wengi huweka chini kama wanalima, na wanapiga kwa kiuno badala ya vifundo vya mkono.

Na mkiwa na ukuta wa shule ulionyooka usio na dirisha, kuna mchezo mwingine wa Kigaeli ambao hauhitaji helmeti wala gongo: mpira wa mkono wa ukutani. Chora futi 20 upana na 16 kwenda juu, sakafu futi 34 kurudi nyuma, mpira mdogo wa raba, mkono tu. Wawili au wanne. Siku za mvua nyepesi ndio wa kuwashika watu, mradi hakuna ngurumo.

Fundi_Pansiansi:

Ticha, kabla hujaenda dukani pima kwanza unene wa nguzo za goli kwa kamba, uizungushe na ugawe kwa 3.14. Mikanda inakatwa kwa kipimo cha nguzo na bomba pamoja, na nguzo za shule nyingi ni nchi tatu lakini si zote. Na uende na mkuu wa shule aone kwa macho kwamba hamtoboi wala hamchomelei. Kisha afisa michezo wa wilaya ajue mapema, maana mkitaka kuwa klabu, usajili wake unapitia Baraza la Michezo la Taifa, na yeye ndiye mlango wa kuanzia.